Jibu: Nyumba za Kirumi katika mji wa Kos zilichimbuliwaje?

Ndugu, umeuliza inawezekanaje kuchimbua nyumba za enzi za Warumi katikati ya mji wa pwani ya Ugiriki ambao bado una wakazi. Kwa Kos, mji ulio katika kisiwa cha jina hilohilo, nafasi hiyo ilipatikana kwa msiba. Tarehe 23 Aprili 1933, kisiwa kikiwa chini ya utawala wa Italia, tetemeko la ardhi liliubomoa sehemu kubwa ya mji, na kabla ya ujenzi mpya wanaakiolojia wa Kiitalia, wakiongozwa na Luciano Laurenzi, walichimba maeneo mapana yaliyokuwa yamefunikwa na makazi.

Nyumba mashuhuri zaidi ni ile iitwayo Casa Romana, yenye nyua tatu za ndani zilizozungukwa na vyumba, na sakafu za mozaiki (picha zilizoundwa kwa vipande vidogo vya mawe) zinazoonyesha wanyama wakali na viumbe wa baharini. Ilijengwa juu ya mabaki ya makazi ya Kigiriki ya kale zaidi, ndiyo maana wachimbaji hulazimika kufuata tabaka moja baada ya jingine.

Binafsi naithamini zaidi mozaiki moja, sasa ikiwa katika makumbusho ya mji huo, ambamo mungu wa uganga Asclepius anashuka kutoka kwenye mashua huku Hippocrates, tabibu maarufu wa kale na mzaliwa wa Kos, akiwa ameketi. Hapo unaona wazi kwamba wenyeji, ingawa walitawaliwa na Roma, waliendelea kujivunia tabibu wao hata sakafuni mwa nyumba zao.