Mnaoanza na gesi za dipoli: rotoni ije mwisho

Mwanafunzi wa fizikia hapa Mombasa akishasoma habari za rotoni, yaani mtikisiko wa mawimbi mafupi katika gesi baridi mno za dipoli, ambazo atomi zake ni kama sumaku ndogo, hutaka kuiona usiku huohuo kwenye laptopu yake. Hamu hiyo naipenda. Ila nawaomba, wadogo zangu, anzeni na mitikisiko ya pamoja, ya wingu zima la atomi, ambayo jibu lake lilishajulikana. Maabara zinazopoza atomi hizi ziko mbali, kama Stuttgart na Innsbruck huko Ulaya; sisi tunaoifanya kazi hii kwa hesabu hatuna kingine cha kutusuta programu ikidanganya.

Kwanza shikeni sumaku mkononi. Fundi redio yeyote mtaani atawapa mbili za spika mbovu. Mkizipandanisha huvutana, mkizilaza mezani ubavu kwa ubavu, zote zikielekea juu, husukumana. Mpaka wa hali hizo mbili ni nyuzi 54.7 kutoka mwelekeo wa sumaku. Ndivyo atomi za disprosiamu zinavyofanya: kila moja ina takriban magnetoni 10 za Bohr (kipimo cha nguvu ya sumaku ya atomi), wakati rubidiamu haizidi 1. Tabia zote za ajabu za gesi hizi zinaanzia hapo.

Sasa programu. Wekeni wingu la atomi katika mtego wa hamoniki, unaolirudisha katikati kama springi, mlisogeze kando kidogo, mliachie. Litayumba kwa masafa (idadi ya mizunguko kwa sekunde) yaleyale ya mtego, atomi zisukumane zisisukumane. Likiyumba kwa masafa mengine, msiendelee hata hatua moja. Kisha chukueni mtego wa tufe, ulio sawa pande zote, bila dipoli. Wingu lisilo na msukumano hupumua, yaani huvimba na kunywea, kwa mara 2 ya masafa ya mtego, na mtikisiko wa kurefuka na kubapa, yaani kwadrupoli, nao ni mara 2. Ongezeni msukumano wa kawaida, ule wa atomi zinazogongana, polepole, na hizo mbili zitaachana: kupumua kutapanda kuelekea 2.24, ambayo ni kipeuo cha pili cha 5, na kwadrupoli itashuka kuelekea 1.41, kipeuo cha pili cha 2. Mimi bado hufurahi kila ninapoiona mistari hiyo miwili ikitengana.

Mkiwasha dipoli, kuna mtego mwingine, na huu ni wa kuwanasa nyinyi. Nguvu ya dipoli hufika mbali, na njia ya Fourier, inayoihesabu kwa mawimbi yanayojirudia, huliona wingu lenu kana kwamba limezungukwa na nakala zake. Mtihani wa kuyumba hauligundui kosa hili, kwa sababu nakala husogea pamoja na wingu. Panueni kisanduku cha hesabu mara mbili mpime kupumua upya. Namba ikibadilika, kateni umbali inaofika nguvu hiyo uishie ndani ya kisanduku kabla ya kuamini lolote.

Hapo ndipo rotoni inaruhusiwa. Ilitabiriwa kwa gesi hizi mwaka 2003, ikaonekana Innsbruck kwa atomi za erbiamu, matokeo yakachapishwa 2018. Msiitafute kwa kulitikisa wingu zima: urefu wa wimbi lake hufuata unene wa wingu upande ule dipoli zinakoelekea, lakini lenyewe husafiri kwa kukingama upande huo, kwa hiyo gridi iwe laini ya kutosha kule linakosafiri. Punguzeni msukumano wa kawaida kidogo kidogo na mtaona nishati yake ikishuka. Ikifika sifuri, mlinganyo wa Gross na Pitaevskii, ule unaolieleza wingu kama wimbi moja, peke yake utaliacha wingu liporomoke. Ongezeni sahihisho la Lee, Huang na Yang la 1957, msukumano mdogo unaotokana na mitetemo ya kikwanta. Ndilo linaloyashikilia matone ya kikwanta, yaani gesi inayojishikilia kama tone, na ndilo litakalowafikisha kwenye supasolidi iliyopatikana 2019, hali iliyo kifuwele na supafluidi (kimiminika kisicho na msuguano) kwa pamoja, ambako kupumua kunagawanyika kuwa mitikisiko miwili, mmoja wa mpangilio wa kifuwele na mwingine wa supafluidi.

Jambo la mwisho ni la hapa kwetu. Hesabu ya vipimo vitatu huchukua siku, na stima hupotea. Andikeni programu ihifadhi hali ya wingu kila saa, na ijue kuendelea kutoka pale ilipokatikia.