Sprinter kukwama gia ya pili Kitonga: angalia oili kwanza

Pole sana kaka. Unasema Mercedes Sprinter yako ya otomatiki ilikwama gia ya pili ukipanda mlima Kitonga, ukizima na kuwasha inarudi, na fundi anataka ubadilishe kontroli boksi ya gia, yaani kompyuta inayoongoza gia boksi. Usitoe hela bado. Kubaki gia ya pili ni gia boksi kujilinda inaposoma hitilafu, haimaanishi kontroli boksi imekufa.

Kwenye zile za gia tano, ingia chini uangalie plagi kubwa ya duara ubavuni mwa gia boksi. Oringi zake, yaani mipira ya kuzuia uvujaji, zikichoka, oili inavuja ndani ya plagi, halafu inapanda na nyaya polepole hadi kwenye kontroli boksi. Yangu niliichomoa hapa Mwanjelwa, pini zilikuwa zinateleza kwa oili nyekundu. Nilibadilisha ile plagi, nikasafisha pini kwa dawa ya umeme, nikaongeza oili iliyopungua. Ikapona. Plagi ni bei ndogo mno ukilinganisha na kontroli boksi.

Kama kontroli boksi imeungua kweli, chomoa tamino hasi ya betri kabla ya kuigusa. Tafuta yenye namba ileile, na umuulize fundi mapema kama ana mashine ya kuipanga (kuiprogramu) kwa gari lako. Ya mtumba ikifungwa bila kupangwa inaweza kukurudisha kulekule gia ya pili. Na plagi ibadilishe hata hivyo, tafadhali, la sivyo oili itaifuata na hiyo mpya.