Re: Nitaweza kuhimili Auschwitz?

Ndugu, umeuliza kama utahimili ziara ya Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland ambayo sasa ni makumbusho, kwa vile u mwepesi wa machozi. Utahimili, ila machozi huenda yasije pale unapoyatarajia. Mimi takwimu zilinipita tu: watu wapatao milioni 1.1 waliuawa pale, karibu milioni moja wakiwa Wayahudi. Akili haina pa kuziweka. Kilichonimaliza ni masanduku ya safari ya waliouawa, kwenye jengo la Bloku 5. Wenyewe waliyaandika majina kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, yasije yakapotea. Walijua watayachukua baadaye! Bloku 4 kuna nywele za wanawake, karibu tani 2, nyuma ya kioo. Humo kupiga picha ni marufuku. Nje utawaona wa selfi, wasikukere.

Birkenau, sehemu ya pili ya kambi, iko kilomita 3 hivi, na basi la kukufikisha ni la bure. Usiiruke hata ukiwa hoi, maana ukubwa wa mauaji yale unauelewa kule.

Yule mdogo wako mwache nyumbani, makumbusho yenyewe haishauri walio chini ya miaka 14. Na jioni yake usipange mtoko mjini Kraków. Chakula chenyewe hakitapita.