Kabla hujatoka kwa daktari wa meno, omba uone picha ya meno ya mwanao kwenye skrini

Mwanangu alikuwa na miaka 7 alipong'olewa gego la utoto lililooza, chini kushoto. Mimi nilijua yameisha, kwani si jino la utoto? Daktari akanionyesha kwa kidole: gego la ukubwani, lile linaloota kwenye miaka 6, liko nyuma kabisa ya pengo. Likiachwa litasogea mbele, na jino linalotakiwa kuota hapo kwenye miaka 10 hadi 12 litakosa pa kupita. Ilibidi avalishwe pete ya chuma yenye kitanzi cha waya, ishike ile nafasi.

Kipimo cha kwanza cha pete kilichukuliwa kwa ule unga unaokorogwa na maji na kujazwa kwenye sinia ndogo, meno yakaacha alama yake humo. Mtoto akatapika, sinia ikacheza mdomoni. Halafu kalibu, yaani ile alama ya meno, ikalala mpaka kesho yake bila kumiminiwa plasta, na kumbe ikikaa wazi hupoteza maji ikasinyaa. Pete ikaja, haiingii. Nauli ya Tukuyu hadi Mbeya mjini imekwenda bure, na mwanangu sasa akiona hata kijiko anafumba mdomo.

Mara ya pili tulikwenda kliniki yenye skana, fimbo yenye kikamera kinachopiga picha mfululizo, na kompyuta inaziunga kuwa umbo la meno. Inatumia mwanga, si eksirei, kwa hiyo msitegemee ionyeshe mizizi.

Nilifikiri mashine haikosei. Kwenye skrini gego la nyuma likatokea na kingo mbili, kama jino lililovaa jino. Mwanangu alikuwa ameusukuma ulimi, na mate yamejaa. Daktari hakugomba. "Mama, nishikie mkono wake," akasema. Akakausha jino kwa hewa, akaweka pamba, akafuta kile kipande tu cha picha na kukipiga upya. Ukingo ukabaki mmoja, unaoonekana wazi.

Wazazi wenzangu, hapo ndipo pa kusimamia. Mwombe daktari aizungushe picha mbele yako. Ukiona tundu, ukungu au ukingo uliojirudia, sema palepale, kabla mtoto hajashuka kitini. Kama kifaa atakachovaa mtoto, kama hii pete, ni cha upande mmoja, kupiga picha upande huo kunatosha: kila picha inapoungwa na nyingine huingiza kosa dogo, na makosa hayo hujumlishana kadiri safari ya kamera inavyorefuka. Na mtoto anachoka! Mpeleke asubuhi, ameshakula mapema kidogo, na mweleze nyumbani kwamba ni taa tu inayopita.

Usikubali pia kifaa kitengenezwe kwa picha ya miezi mingi nyuma. Kinywa cha umri huu hubadilika, jino moja linalegea huku lingine linachomoza.

Pete ya pili iliingia kwa kusukumwa kidogo na kidole. Mwanangu akauma meno mara tatu, akauliza kama anaweza kula ndizi.