Jibu: Seva haina skrini, mtandao haurudi, unaifikiaje?

Mkuu, umesema seva yako ya Nyakato haina skrini, na umeme ukikatika ukarudi, mtandao hauinuki, unabaki kutazama taa tu. Weka konsoli ya siriali, yaani unaingia kwenye seva kwa waya kutoka laptopu hadi poti yake ya siriali (tundu la pini 9), haitegemei mtandao kabisa.

Kwa Debian au Ubuntu, fungua /etc/default/grub (faili la mipangilio ya GRUB, programu inayouwasha mfumo) uweke:

GRUB_CMDLINE_LINUX="console=tty0 console=ttyS0,115200n8"
GRUB_TERMINAL="console serial"
GRUB_SERIAL_COMMAND="serial --speed=115200 --unit=0"

Kwenye mstari wa kwanza, ttyS0 (poti ya siriali ya kwanza) ikae mwisho, kwa sababu ya mwisho ndiyo inayokuwa /dev/console, konsoli kuu ya mfumo. Endesha sudo update-grub, uwashe upya. Systemd, inayoanzisha huduma za mfumo, itakuletea login yenyewe.

Sasa waya, hapa ndipo wengi tunakwama. Unatakiwa ule uliopishanishwa: pini 2 iende 3, 3 iende 2, 5 kwa 5. Mimi nilipoteza jioni nzima pale Kirumba na waya ulionyooka. Skrini nyeusi tii, nikadhani poti imekufa. Nilipobadilisha waya tu, login ikatokea. Na tafadhali, usichomeke kiadapta cha volti 3.3, kile cha vibodi vidogo, kwenye tundu la pini 9 la seva. RS-232, kiwango kinachotumiwa na tundu hilo, inaweza kufika volti 15, chanya na hasi, utakiunguza.

Kwenye laptopu, ukitumia kiadapta cha USB kwenda RS-232: sudo screen /dev/ttyUSB0 115200, kisha Enter. Ukiona herufi za ajabuajabu, kasi hazilingani. Kutoka ni Ctrl-A halafu k.

Jaribu leo umeme ukiwepo, usingoje ukatike.