Tanzanite kwenye pete ya art deco

Je, pete ya art deco (mtindo wa mapambo wa miaka ya 1920 na 1930) iliyotengenezwa mwaka 1925 inaweza kuwa ilikuwa na tanzanite, lile jiwe la bluu, tangu mwanzo? Hapana, pete ya mwaka 1925 haikutoka kwa sonara wake ikiwa na tanzanite. Jiwe hilo liligunduliwa Mererani mwaka 1967, na Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani, wakalipa jina mwaka 1968. Masonara wa Paris wa enzi za art deco walipotaka bluu walitumia yakuti samawi, mara nyingine hata ya kutengenezwa maabara.

Ila pete yenyewe inaweza kuwa kongwe kweli na jiwe likabadilishwa baadaye. Sonara aangalie kwa lenzi vile vikucha vinavyoshika jiwe: vikionekana vipya kuliko nakshi za pembeni, au vimekunjuliwa na kukunjwa tena, huenda jiwe lilibadilishwa. Na asilijaribu kwa kulikwaruza tafadhali, tanzanite ni laini kuliko yakuti.