Maswali ya Wasomaji: Maziwa Mabichi Ndani ya Kahawa

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wanaopata maziwa kwa jirani mwenye ng'ombe au kwa mchuuzi wa pikipiki, na kahawa wanaipika nyumbani. Tumezijibu zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Habari za kazi. Jirani hutuletea lita 2 za maziwa jioni, tunayaweka friji mpaka asubuhi. Ya chai nayachemsha, lakini mume wangu humimina mabichi moja kwa moja kwenye kahawa nyeusi. Anasema kahawa imetoka motoni, itaua kila kitu. Ni kweli? (Msomaji, Tengeru, Arusha)

Si kweli, dada. Mwonyeshe hesabu ya kikombe chenyewe. Kahawa ikishamiminwa haiko tena kwenye nyuzi 95, huwa imeshuka hadi 85 hivi. Chukua mililita 150 za kahawa hiyo, tia mililita 50 za maziwa ya friji yenye nyuzi 5: mchanganyiko unakuwa na nyuzi 65. Hapo kikombe chenyewe bado hakijanyonya joto lake, na kikombe kizito kilichokuwa kabatini hunyonya nyuzi kadhaa mara moja. Dakika chache tu uko chini ya 60, ndipo mtu anaanza kunywa.

Ili maziwa yawe salama yanatakiwa yakae kwenye nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Huko ndiko kupasteurisha, na vipimo hivyo viwili vinakwenda pamoja: joto na muda. Kikombe cha mumeo kinapata joto kidogo na muda mfupi. Uchachu wa kahawa nao hausaidii kitu, kwa sababu kahawa ina pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu unazidi) ya karibu 5, na ukitia maziwa uchachu huo unapungua zaidi.

Kinachotusumbua zaidi ni brusela, ugonjwa wa bakteria ambao watu huupata kutoka kwa mifugo. Ng'ombe anaweza kuwa nayo huku anakula vizuri na kukamuliwa kama kawaida. Mtu akiipata huwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, uchovu usioisha. Huku kwetu dalili hizo huitwa malaria au taifodi, mgonjwa anapewa dawa za hayo, homa inarudi. Tiba yake halisi huchukua wiki 6 au zaidi kwa dawa zaidi ya moja. Mbali na brusela, maziwa mabichi hubeba kifua kikuu cha ng'ombe, na vijidudu kama salmonela, kampilobakta, listeria na zile aina kali za E. koli. Kama nyumbani kuna mjamzito, mtoto mdogo au mzee, hakuna mjadala kabisa: mabichi yasiingie kikombeni. Na mtu yeyote aliyekwisha kuyanywa akipata homa ya namna hiyo, amwambie daktari waziwazi kwamba amekunywa maziwa mabichi, ili apimwe brusela.

Nina mashine ndogo ya espreso yenye bomba la mvuke. Maziwa ya shambani kwetu nayapiga mvuke mpaka nyuzi 65. Si nimeshapita zile 63? (Msomaji, Limuru)

Umezipita kwa joto, bado hujazifikia kwa muda. Kwenye nyuzi 65 usalama unahesabiwa kwa dakika, nawe unafunga mvuke pale pale mshale unapogusa namba. Isitoshe, kipima joto cha mshale huonyesha joto la sehemu kilipochomekwa tu. Povu la juu na maziwa yaliyonata ukingoni mwa jagi huwa na joto dogo zaidi, na vyote vinaingia kikombeni.

Usijaribu pia kutatua jambo hili kwa kupandisha mvuke hadi 80. Ukivuka 70 povu linakuwa la mapovu makubwa, ule utamu laini unapotea, na harufu ya maziwa yaliyopikwa inafunika kahawa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Unapofunga mvuke, mvuke uliobaki ndani ya bomba unapoa ghafla na kugeuka maji, na bomba linafyonza maziwa kidogo kurudi juu. Kama ni mabichi, umepeleka vijidudu mahali penye joto na unyevu ambapo kitambaa hakifiki. Kila mara ukimaliza, futa bomba kwa kitambaa chenye maji, kisha fungua mvuke sekunde 2 au 3 utoke mtupu. Fanya hivyo hata kwa maziwa ya pakiti.

Mpango wako uwe huu: pasteurisha kwanza, poza, weka friji. Kesho chukua yakiwa baridi, yapige mvuke kama ulivyozoea. Ingiza hewa mpaka jagi liwe vuguvugu kama mwili, kisha zamisha ncha na uyazungushe hadi 60 au 65.

Nikichemsha maziwa yanakuwa na ladha ya kuungua na utando mzito, kahawa inaharibika. Nifanyeje yawe salama bila kuyapika? (Msomaji, Moshi)

Tumia sufuria mbili na kipima joto cha jikoni. Bila kipima joto usijaribu njia hii, kwa sababu nyuzi 55 na nyuzi 65 huwezi kuzitofautisha kwa kidole.

Chuja maziwa kwa kitambaa safi, uyatie kwenye sufuria ndogo. Iweke ndani ya sufuria kubwa yenye maji, ukitanguliza kitambaa au kigae chini ili vyuma visigusane. Washa jiko kwa moto wa wastani, koroga taratibu bila kuacha, hasa pembeni na chini. Kipima joto kikae katikati ya maziwa, kisiguse chuma. Ukifika nyuzi 65 punguza moto na ushikilie hapo dakika 30. Ukiwa na haraka, panda hadi 75 na ushikilie dakika 1 nzima huku unakoroga. Kiwango cha viwandani ni 72 kwa sekunde 15, lakini jiko la nyumbani halilingani na mtambo, ndiyo maana tunaongeza. Povu likitokea juu liondoe kwa kijiko au ulizamishe, maana hupoa kuliko maziwa yaliyo chini yake.

Kupoza ndiko kunakosahaulika, na ndiko kunakoamua ladha. Usiyaache mezani yapoe yenyewe. Toa sufuria ndogo, itumbukize kwenye beseni la maji yenye barafu, koroga, badilisha maji yakipata joto. Ndani ya nusu saa yawe yamepoa kabisa. Yatie kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa pamoja na kifuniko chake. Dumu lililobeba mabichi lisirudi kupokea haya, utakuwa umefanya kazi bure.

Asiye na kipima joto achemshe tu. Maziwa yakipanda yashushe, yarudishe moto mdogo dakika 1 hadi 2 huku ukikoroga. Yanafurika kwa sababu utando wa juu unazuia mvuke, kwa hiyo mwiko unaovunja utando huo ndio kinga. Sufuria yenye kitako kizito huzuia kuungua. Wasomaji wa nyanda za juu wasiwe na wasiwasi: Limuru maji huchemka kwenye nyuzi 92 au 93 hivi, na hizo zinatosha kabisa. Ladha ya kupikwa ikibaki, tumia kahawa iliyokaangwa zaidi, nayo itaifunika vizuri.

Maziwa yangu ni mazito na mazuri kuliko ya dukani, mbona povu linazimika kabla sijamimina? Na siku nyingine kahawa ina harufu kama ya sabuni. Muuzaji ananiapia hajatia kitu. (Msomaji, Kitengela)

Inawezekana kabisa muuzaji wako anasema kweli, tafadhali usimgombeze. Maziwa mabichi yana kimeng'enya kiitwacho lipesi ambacho huvunja mafuta. Kwa kawaida hakiyafikii, kwa sababu kila tone la mafuta limefunikwa na ngozi nyembamba. Dumu lililojaa nusu likitikisika juu ya pikipiki kwenye barabara ya mashimo, ngozi hizo zinapasuka, lipesi inaingia kazini, na mafuta yanageuka kuwa asidi. Asidi hizo ndizo zinazoleta harufu ya sabuni au ya siagi iliyooza, na ndizo zinazoua povu. Povu hushikwa na protini, asidi za mafuta zinaiondoa protini pale inaposhikilia kiputo, kiputo kinapasuka. Ukisogeza sikio kwenye jagi utasikia povu likichakarika linapokufa.

Kinachochochea kingine ni kupasha na kupoza mara kwa mara. Wengi humimina maziwa ya asubuhi yenye joto juu ya yale ya jana yaliyo baridi. Yale ya baridi yanapata vuguvugu, kisha yote yanarudi friji. Hiyo inatosha kuamsha lipesi hata bila pikipiki.

Dawa ni zilezile za usalama. Kupasteurisha kunazima karibu lipesi yote, ilimradi ufanye mapema, yakifika tu nyumbani. Asidi iliyokwisha kutengenezwa haiondoki kwa moto, kwa hiyo maziwa yenye harufu tayari yapeleke kwenye mapishi mengine baada ya kuyachemsha. Mwombe muuzaji ajaze chombo hadi shingoni ili maziwa yasipigike, na ikiwezekana atumie kopo la alumini badala ya dumu la plastiki lililochubuka ndani, kwa sababu michubuko hiyo haisafishiki.

Malai yanayopanda juu nayo yachanganye taratibu kabla ya kupima, la sivyo kikombe cha kwanza kitakuwa mafuta matupu na cha mwisho maji. Kama huna mashine, tumia birika la kioo lenye chujio la kusukuma: mililita 150 za maziwa yenye nyuzi 60, sukuma na kuvuta mara 20 hadi 30, liache nusu dakika, gonga chini mezani mara mbili, mimina.

Maziwa hayajachacha ukiyaonja, lakini yakiingia kwenye kahawa yanakatika vipande. (Msomaji, Bukoba)

Ulimi unachelewa kutambua. Maziwa mazuri yana pH ya 6.6 hadi 6.8. Yakishuka kidogo tu, bado huonji uchachu, lakini joto na asidi ya kahawa vikikutana nayo protini inaganda. Jaribu hivi: chemsha vijiko viwili vya maziwa peke yake. Yakikatika bila kahawa, tatizo ni maziwa. Yakibaki laini, tatizo ni namna ya kuchanganya. Yapashe hadi 60, kahawa ipumzike dakika 1 au 2, kisha mimina kahawa polepole juu ya maziwa huku unakoroga. Arabika iliyokaangwa kidogo ina uchachu mwingi. Robusta ya kwenu Kagera ni mpole zaidi kwenye maziwa.

Chunguza pia kama ng'ombe amezaa karibuni au ana ugonjwa wa kiwele, kwa maana dang'a na maziwa ya kiwele kilichovimba hukatika hata yakiwa yamekamuliwa sasa hivi. Na tunaomba mtu asitie magadi kuzuia kukatika. Yanaficha uchachu, vijidudu vilivyouleta vinabaki palepale.

Ya mbuzi je? Nasikia hayana shida. (Msomaji, Dodoma)

Brusela ya mbuzi kwa binadamu ni kali kuliko ya ng'ombe. Pasteurisha vilevile. Hayavumilii moto mkali, kwa hiyo njia ya nyuzi 65 kwa dakika 30 ndiyo inayoyafaa.

Nikishapasteurisha, yanakaa muda gani? (Msomaji, Kiambu)

Friji ikiwa kwenye nyuzi 4 au chini, panga kuyamaliza ndani ya siku 3, yakikaa nyuma ya rafu na si mlangoni. Moto hauui mbegu za bakteria zote, na sumu ambazo baadhi ya vijidudu huacha kwenye maziwa yaliyokaa na joto hazitoki hata ukichemsha upya, kwa hiyo yaliyolala nje usiku kucha yamwage. Vyombo suuza kwanza kwa maji baridi, halafu maji moto na sabuni. Ukianza na maji moto protini inajipika ukutani mwa jagi, na huo utando mweupe utakusumbua kuutoa.